Nusu ya Juu ya Sauti

Fundi Kimya hakupewa jina hilo kwa sababu ya upole, ingawa mpole alikuwa. Alilipata kwa neno lililokuwa mdomoni mwake siku zote. Mteja akiingia dukani na redio inayokohoa au spika iliyopasuka, kabla hajamaliza salamu fundi ameshainua kidole: "Kimya kidogo." Kisha anainamisha kichwa, anafumba macho, anakisikiliza kile chombo kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Majirani zake, muuza dawa upande mmoja na mchonga funguo upande wa pili, walikuwa wakiwaelekeza watu kwa mzaha. Fuata kelele, walisema, pale zitakapokatika ghafla ndipo kwa Kimya.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyobabuka kwa moto wa kulehemu. Masikio yake yalikuwa na sifa mtaa mzima. Ilisemwa kwamba aliweza kupita nje ya nyumba za watu, akasikia redio ikilia ndani, na akasema ni waya gani umelegea. Mwenyewe hakukanusha. Sifa ni kama nguo mpya. Hata asiyeitaka huivaa mara moja aone inavyomkaa.

Mapenzi yake na sauti yalianza kabla hajajua kusoma. Mama yake alikuwa mfagiaji katika jengo la kurushia matangazo, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mtoto, alikwenda naye kazini akamlaza kwenye blanketi chini ya kioo kikubwa cha chumba cha watangazaji. Mtoto akiamka aliona watu nyuma ya kioo wakifungua midomo, wakicheka, wakipiga magitaa, na hakuna kilichosikika ila ufagio wa mama yake. Halafu mtu wa mitambo alipita, akagusa swichi, na ukumbi mzima ukafurika sauti kama bomba lililofunguliwa. Mtoto yule alidhani sauti zote za dunia zimewekwa akiba mahali fulani, zinamsubiri mtu wa swichi. Alikua na wazo hilo, na pengine hakuliacha kamwe.

Ujanani aliajiriwa kwenye kiwanda cha ving'ora, vile vya magari ya wagonjwa na vya viwandani. Kabla king'ora hakijafungwa sandukuni kilipaswa kulia dakika nzima, na aliyekiliza alikuwa yeye. Kwa siku alivipima arobaini, hamsini. Kuziba masikio kulionekana uoga, na vijana wa kiwanda walishindana nani atasimama karibu zaidi. Jioni aliporudi nyumbani king'ora kiliendelea kulia ndani ya kichwa chake, chembamba, cha mbali, na yeye alikizoea hata akakiona kama mwenziwe wa njiani. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili. Kiwanda kilipofungwa, akachukua kisanduku chake cha bisibisi na koleo, akafungua chumba chake cha ufundi, akaoa fundi cherehani aliyekuja kutengenezewa redio, wakazaa binti mmoja ambaye sasa alikuwa na kwake. Maisha yakaenda, si haba.

Siku moja katikati ya wiki, mvua ikiwa inanyunyiza tangu asubuhi, akaingia dukani mwanamke wa makamo yake, amenyooka kama rula, akakunja mwavuli wake vizuri kabla ya kusema neno. Alikuwa mwalimu wa muziki aliyestaafu. Nusu ya watu wa mtaa ule walikuwa wamepita mikononi mwake, na hata wenye mvi walimwita Mwalimu tu.

Akamweleza shida yake. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamechanga wakamzawadia spika mbili kubwa za mitumba, ndefu kufika kiunoni, pamoja na nyingine ndogo za kuzunguka chumba. Kaka yake naye akamletea amplifaya, kikuza sauti, ya chaneli saba, yaani njia saba za kulishia spika. Tangu sinema ya mjini igeuzwe ghala la magodoro, kila Jumamosi alasiri Mwalimu aliwakaribisha majirani sebuleni kwake kutazama filamu. Vijana wa duka moja la vifaa vya umeme walikuja kumfungia ule mtambo, wakamwambia sasa atasikia sauti kuliko sinema yenyewe. Lakini kila muziki unapopanda, amplifaya inajizima.

"Inazimia," alisema. "Kama mtu aliyepokea habari mbaya."

Kimya akatabasamu, akachukua begi lake, wakaondoka chini ya mwavuli mmoja.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa mwisho wa barabara yenye mawe yaliyong'aa kwa mvua. Sebule ilikuwa ndefu, mapazia yake mazito ya rangi ya zambarau yamefungwa nusu, na mwanga ulioingia ulikuwa wa kijivu, laini, kama unapita majini. Viti vya kila aina vilipangwa kwa safu kuelekea televisheni. Katika kiti cha mbele, chenye mito, alikaa dada mkubwa wa Mwalimu, bibi wa miaka zaidi ya themanini, miguu yake imefunikwa shuka, viatu vya sufi vikichungulia. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeingia ukungu, Mwalimu alieleza, na kwa siku nzima aliweza asiseme neno. Kimya alimwamkia kwa heshima. Yule bibi akamtazama kwa macho ya mtu aliye dirishani mwa gari linaloondoka, kisha akayafumba tena.

Fundi akapiga magoti nyuma ya spika ya kwanza na kurunzi mdomoni. Hakukawia kuona kasoro.

Spika kubwa za aina ile ni kama nyumba yenye wapangaji wawili. Chini anakaa mpangaji mnene, besi, anayetikisa sakafu. Juu anakaa mwembamba, ile twita ndogo isiyozidi kifuniko cha chupa, ambayo kazi yake ni sauti za mluzi, za kengele, za herufi "s" mdomoni mwa mtu. Kwa kawaida wote wawili hupitia mlango mmoja: nyuma ya spika kuna nati nne, mbili za juu na mbili za chini, zimeunganishwa kwa vibati viwili vya shaba ili waya mmoja uwalishe wote. Lakini mwenye amplifaya ya chaneli nyingi anaweza kumpa kila mpangaji waya wake, chaneli moja ya juu na nyingine ya chini, kila mmoja akala chungu chake. Vijana walikuwa wamevuta nyaya zote sawasawa, ila vibati hawakuvitoa. Chaneli mbili zikawa zinakutana uso kwa uso humo nyuma, zinasukumana, na amplifaya ikijiona inaungua inajizima yenyewe kabla ya maafa.

Alimweleza Mwalimu hayo akiwa bado amepiga magoti. Mwalimu akasema hata kwaya huharibika hivyo hivyo, waimbaji wawili wanapopewa pumzi ya mtu mmoja.

Kimya akazima kila kitu, akachomoa plagi ukutani. Akalegeza nati, akavitoa vibati vyote vinne, viwili vya kila spika, akavifunga kwa kipande cha karatasi na kuviweka juu ya kabati visije vikapotea. Akazikata upya ncha za nyaya zilizochakaa, akazisokota, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Chaneli mbili kwa spika ya kushoto, mbili kwa ya kulia, moja kwa ile ya katikati chini ya televisheni, mbili kwa zile ndogo za ukutani, saba zikatimia. Kisha akaiwasha, akachukua rimoti, akaiambia ile mashine kwamba chaneli mbili za ziada sasa ni za spika za mbele. Yote yalimchukua saa moja na nusu, na saa hiyo ilipita kama usingizi mtamu. Mvua ilinong'ona, bibi alisinzia, na mikono ya fundi ilijua njia yenyewe.

Mwalimu akaweka muziki: rekodi ya wanafunzi wake wa miaka mingi iliyopita, sauti za watoto na filimbi na vyuma vya pembetatu. Muziki ukapanda, amplifaya isizimie. Mwalimu akapiga makofi mara moja, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Lakini Kimya alikuwa na desturi yake. Kazi haijaisha mpaka kila mpangaji asikilizwe peke yake. Akapunguza sauti, akachomoa nyaya za chini za spika zote mbili, akaizima ile ya katikati na zile za ukutani, ili zibaki twita tu. Akaanzisha rekodi upya, akarudi nyuma hatua tatu, akafumba macho.

Hakuna.

Akafumbua macho. Taa ya amplifaya inawaka. Namba za rekodi zinakimbia kwenye kioo, sekunde baada ya sekunde. Akaongeza sauti kidogo, akasogeza sikio hadi kwenye kitambaa cha spika. Palikuwa na kitu cha mbali, kama vumbi linaloanguka juu ya karatasi, na hata hicho hakuwa na hakika nacho. Akasema moyoni twita zimeungua. Akaangalia nati, zimekaza. Akabadilisha chaneli, akabadilisha waya, jasho jembamba likaanza kumtoka. Twita mbili kuungua siku moja, katika spika ambazo dakika chache zilizopita zilikuwa zinaimba? Akatoa mita yake ya kupimia umeme, akagusisha ncha zake kwenye nati za juu. Mshale ukaruka. Ukatulia, ukaruka tena, ukacheza juu na chini kama mtu anayeruka kamba. Umeme wa sauti ulikuwa unafika. Ulikuwa unaingia ndani ya spika na, kwa kadiri alivyojua yeye, hautoki.

Akageuka, labda kutafuta pa kukaa. Ndipo alipoona kiatu cha sufi.

Dada mkubwa wa Mwalimu hakufumbua macho. Lakini kidole cha mguu wake wa kulia kilikuwa kikipiga ndani ya kiatu, taratibu, kwa mpangilio. Kimya alitazama kidole, akatazama mshale wa mita aliyokuwa bado ameishika. Vilikwenda pamoja. Mshale ukiruka, kidole kinagusa. Mshale ukitulia, kidole kinangoja. Midomo ya yule bibi ilikuwa imeachama kidogo, na uso wake wote umelainika kama wa mtu anayepuliziwa upepo.

Chumba kile kilikuwa kimejaa muziki. Ulijaa hadi kwenye mapazia, labda hadi barabarani, na yeye alikuwa amesimama katikati yake mkavu.

Sijui mtu husimama hivyo muda gani. Mambo mengi yalimpitia, hakuna lililokaa. Alikumbuka kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akilalamika wadudu wa jioni wamehama mtaani, akawasingizia moshi. Alikumbuka alivyowalaumu watangazaji wa siku hizi kwa kutafuna maneno, na simu za siku hizi kwa kukosa mlio. Binti yake alipomwambia kwamba mjukuu ameanza kupiga mluzi, alimsikiliza mtoto yule akamsifu, huku akiona midomo tu. Alikuwa ameamini kwamba dunia inapungua. Na redio alizotengeneza miaka yote hiyo zilimfichia siri, kwa maana redio ndogo huishi kwa sauti za kati, na mita na mazoea ya mikono viliziba palipobaki. Mganga hajigangi, waliosema hivyo hawakukosea.

Mwalimu akarudi na sinia. Akasimama kizingitini, akainamisha kichwa.

"Kumbe zinapendeza hata bila besi," alisema. "Kama watoto wameachwa peke yao darasani."

Kimya angeweza kuitikia. Angerudisha nyaya za chini, akanywa chai yake, akaaga, na hakuna ambaye angejua. Alifungua mdomo kufanya hivyo hasa. Lakini uongo aliotaka kuusema ulikuwa juu ya sauti, na juu ya sauti hakuwahi kumdanganya mtu.

"Mwalimu," akasema, "mimi sisikii."

Mwalimu alidhani anataka muziki uongezwe, akaanza kutafuta rimoti. Fundi akatikisa kichwa. Akamweleza polepole, bila kumtazama, kwamba huo muziki anaousifu yeye hausikii hata kidogo.

Mwalimu akaliweka sinia chini. "Tangu lini?"

"Nimejua leo. Sasa hivi."

Hakumpa pole. Baadaye Kimya alimshukuru kwa hilo kuliko kwa lolote. Alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono mapajani kama anayesubiri mtihani uanze.

"Basi tusiache kazi katikati," alisema. "Mimi nasikia ila sijui ninachosikia. Wewe unajua. Niambie nisikilize nini."

Na hivyo ndivyo walivyomaliza alasiri ile. Kimya alirudisha nyaya za chini, akampeleka Mwalimu kwenye kiti cha katikati, akamwuliza: waimbaji wamesimama wapi? Mwalimu akafumba macho, akasema wa kulia wamesimama vizuri, mbele yake, anaweza hata kuwahesabu. Wa kushoto je? Akakunja uso. Wa kushoto wapo, lakini kama mtu anayeongea amegeuzia uso ukutani. Besi yao iko mahali pake, ila ule wembamba wa juu unatoka popote, mara nyuma ya kisogo, mara dirishani.

Uso wa Kimya ukaanza kurudiwa na damu. Alikuwa anamwelewa, tena vizuri sana, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa lugha yake. Nje nyekundu iko kwa nyekundu, amehakikisha mwenyewe. Basi ni ndani. Akaifungua spika ya kushoto, skrubu nane, akaitoa twita taratibu na waya zake. Fundi fulani aliyeigusa zamani alikuwa amelehemu waya kinyume, chanya kwa hasi, hasi kwa chanya. Kila twita ya kulia iliposukuma hewa mbele, ya kushoto ilivuta nyuma. Akapasha moto chuma cha kulehemia, akazibadilisha, akafunga.

Rekodi ikaanza tena. Aliyesema kwanza alikuwa dada yake Mwalimu. Alifumbua macho, akaitazama nafasi tupu kati ya spika mbili, na kwa sauti safi ya mwenye nyumba akatamka, "Sasa wameingia ndani."

Mwalimu aliinua kiganja akaziba mdomo wake. Fundi akainama kukusanya vifaa vyake, maana alihisi si mahali pake kutazama.

Alirudi nyumbani kwa miguu kabla jua halijazama. Mvua ilikuwa imekatika, na mitaa ilimeremeta bila sauti, au ndivyo alivyoiona sasa, kila kitu kikitembea nyuma ya kioo. Mtoto alipita na baiskeli, kidole juu ya kengele, na Kimya akajikuta anakitazama kidole.

Mkewe alikuwa karibu na dirisha, anapinda upindo wa gauni. Kimya akakaa kwenye kigoda mbele yake, akapiga moyo konde, akamwambia ana jambo. Akamsimulia yote: vibati, twita, mshale wa mita, kiatu cha sufi. Mkewe hakuacha kushona. Alipomaliza, akakata uzi kwa meno.

"Mume wangu, mimi najua," alisema. "Mwaka wa sita huu."

Akaeleza kwamba aliona akiongea kwa sauti yake ya kawaida, mumewe anaitikia ndiyo mahali pa hapana. Akiishusha chini, kifuani, anasikika. Basi akaishusha. Mwanzoni koo lilimuuma, baadaye likazoea. Wateja wake walimcheka, wakambandika jina la Mama Besi.

Kimya akamwangalia kwa butwaa. Jina hilo alilisikia kila siku. Alidhani mkewe anaitwa hivyo kwa ajili yake, kwa kuwa mumewe ni fundi wa spika. Tena lilikuwa likimpa fahari.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Fundi wa sauti aambiwe habari za masikio na fundi cherehani?" Akavuta uzi mwingine. "Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikaona nisubiri, pengine lako lina uhai."

Alicheka, naye akacheka, na kicheko cha Kimya kikamgeukia njiani kikawa kitu kingine. Mkewe akaweka gauni kando, akamshika kichwa, akakilaza begani mwake. Walikaa hivyo mpaka sindano haikuonekana tena kwa giza.

Wiki iliyofuata walikwenda pamoja kwa daktari wa masikio. Walimfungia katika kichumba kilichozungushiwa sponji, wakampa kitufe abonyeze kila anaposikia mlio. Alijikamata mara mbili akibonyeza kwa matumaini tu. Daktari akamwonyesha mchoro: mstari ulikwenda sawa kama barabara, kisha ukaanguka ghafla. Akamwuliza kama aliwahi kufanya kazi yenye kelele. Kimya akasema aliwahi kupima ving'ora, miaka kumi na miwili, na daktari akaweka kalamu chini.

Alipewa vifaa viwili vya kuvaa nyuma ya masikio. Siku za mwanzo alivichukia. Karatasi ilikwaruza, suruali ilikwaruza, maji ya bomba yalimchoma, na hata mate yake mwenyewe yalimsumbua. Alikuwa akivivua na kuvificha kwenye sanduku la bisibisi, mkewe anavitoa, anamvalisha bila maneno. Asubuhi moja mkewe akamsalimu kwa sauti ile ya kifuani, naye akamwomba aongee kwa sauti yake ya zamani. Mkewe akakohoa, akajaribu, ikatoka imepasuka katikati, na ilimchukua siku kadhaa kuipata. Kimya akamwambia kwa haya, kama kijana anayechumbia, kwamba alikuwa ameisahau.

Hata hivyo daktari hakumficha. Vifaa vile vingemsaidia kuzungumza na watu na kumsikia mjukuu akipiga mluzi. Kupima muziki mpaka ukae sawa ni jambo jingine, na sehemu ya juu kabisa haitarudi. Habari mtaani nazo hazikukawia. Mteja mmoja akaja kuchukua redio yake kabla haijaguswa. Mwingine akauliza kwa sauti ya juu, kama anaita mtu ng'ambo ya bonde, iwapo fundi bado anafanya kazi. Mchonga funguo akamjibu kutoka mlangoni kwake kwamba hata yeye huchonga funguo za nyumba asizowahi kuingia, na zinafungua.

Mkewe ndiye aliyekata shauri. Jumatatu moja aliita mkokoteni, akahamisha cherehani yake hadi kwenye chumba cha ufundi, akaiweka karibu na dirisha. Alisema mwanga wa pale ni mzuri. Kuanzia siku hiyo spika haikutoka bila kupita kwake. Fundi alifungua, alipima, alilehemu, mkewe alisikiliza. Kwa kuwa hakujua maneno ya ufundi wa sauti alitumia ya kwake. Sauti hii imejikunja kwenye upindo. Hii inachubua kama turubai. Hii ina mshono uliofumuka, hapa, mtu anapotaja "s". Kimya alijifunza kutafsiri: upindo ni besi, turubai ni twita iliyozidishiwa sauti kwenye chaneli yake, mshono ni pale wapangaji wawili wa spika wanapopokezana na hawapatani. Baada ya miezi michache hakuhitaji hata kutafsiri.

Mwalimu aliwatumia wateja. Kwa kila mmoja Kimya alisema mapema, kabla ya begi kufunguliwa, kwamba yeye hasikii nusu ya juu na kwamba mke wake ndiye atakayesikiliza. Wengine walishangaa, wachache wakaghairi. Wengi walikaa.

Mwishoni mwa mwaka waliitwa kwenye ukumbi mdogo wa michezo ya jukwaani uliokuwa unafungiwa spika mpya, sita kwa jumla, kila moja na chaneli mbili. Walifika asubuhi, jua likipenya kwenye madirisha ya juu na kulala juu ya viti vitupu. Meneja wa ukumbi, kijana mwenye haraka, aliwatazama yule mzee mwembamba na yule mama mwenye kikapu cha vitambaa, akauliza fundi ni nani kati yao.

"Mimi nafunga," alisema Kimya. "Huyu ndiye anayejua kama nimefunga."

Mkewe alipanda hadi safu ya nyuma kabisa, akakaa, akatoa shati alilokuwa analitia vifungo. Kimya alibaki chini jukwaani kati ya nyaya, akaanzisha muziki. Alisikia alichoweza kusikia, ambacho sasa kilikuwa kingi kidogo kuliko zamani na pungufu kuliko alivyotamani, na akangoja. Kutoka juu mkewe akatamka kwamba ya pili kutoka kulia imebana kwapani.

Kimya akajua twita imezidi, akaenda kwenye chaneli ya juu ya spika ile, akailegeza kidogo, kidogo tena, jicho lake liko kwa mkewe. Alipoona sindano yake imesimama hewani na kichwa chake kimeinama upande, uso umelainika, akaondoa mkono.